Kande kwa mwalimu aliyeweka chaki chini

Mwalimu aliyeacha kazi huikumbuka shule zaidi saa nne asubuhi. Ringi la gari linagongwa shule ya jirani, watoto wanamiminika uwanjani, naye yuko jikoni kwake Uyole ya Mbeya au Ipogolo ya Iringa, hana daftari la kusahihisha. Saa hiyo ikukute na sufuria ya kande motoni. Kande ni chakula cha shule, na hukaa motoni muda wa vipindi vinne vya dakika 40, kwa hiyo asubuhi yako inapata ratiba.

Kwanza kipimo. Aliyezoea zamu ya jiko la shule hupima kwa debe; nyumbani kwa watu watano, vikombe 2 vya mahindi yaliyokobolewa na kikombe 1 cha maharage vinatosha kabisa. Viloweke usiku, kila kimoja na chombo chake, kwa muda wa saa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga maji ya maharage na uyasuuze.

Saa mbili na nusu bandika mahindi peke yake kwa vikombe 8 vya maji. Vipindi viwili vikipita, tia maharage, yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo bila kupunguza moto, maana maharage mabichi yana sumu ya asili isiyoondoka kwa moto mdogo. Kisha punguza mkaa, funika, acha vipindi viwili vingine. Maji yakipungua ongeza ya moto. Ya baridi hukata mchemko, na jiko la mkaa huchelewa kuurudisha.

Mgeni aliyetoka Dar es Salaam hulalamika kwamba maharage ya huku hayaivi. Mara nyingi kosa si la maharage. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Hata uchochee vipi, sufuria ya kawaida haipandi zaidi ya hapo. Dawa ni muda. Maharage ya msimu uliopita, yaliyokaa stoo yakakauka sana, ni magumu kweli, kwa hiyo muulize muuzaji ni ya lini. Magadi hulainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni yakizidi. Ni bora kuamka mapema. Chumvi inaonewa bure ikisemwa hukaza maharage: nyanya na ndimu ndizo huzuia maharage kulainika, kwa sababu ya uchachu. Zitie mwishoni, punje ikishapondeka kwa vidole viwili.

Wengi hukosea kwenye ladha. Wanaitafuta kande ya shule, kisha wanatia nazi, karoti na pilipili hoho. Ni tamu, lakini siyo ile. Ya shule haina mapambo: chumvi, mafuta kidogo, kitunguu kikiwapo, na moshi wa kuni. Ukiweza kupata kuni mbili tatu, pikia nje. Ponda upawa mmoja wa kande na urudishe sufuriani, mchuzi ushike.

Sasa zile dakika za kungoja. Usizijaze kwa kupekua madaftari ya zamani; huzuni huongezeka na sufuria huungua. Jipe kazi moja kwa kila kipindi: kipindi cha kwanza bustani, cha pili kusoma, cha tatu barua au simu kwa mwalimu mwenzako. Kipindi cha nne, hasa Jumamosi, mwite mtoto wa jirani kwa ruhusa ya mzazi wake. Mmoja au wawili, wasizidi, kwa sababu wakifika kumi umefungua tuisheni na uchovu wake wote. Mpe kikombe apime. Mahindi vikombe 2, maharage 1. Je, wakija watu 20? Atakosea, atauliza kwa nini. Ni hilo swali ulilokuwa unalikosa, kuliko mshahara au ubao, na halihitaji darasa.

Epua, acha ipoe dakika kumi bila kufunua. Pakua na parachichi lililoiva la Rungwe, likatwe wakati wa kula. Likikatwa mapema huwa jeusi. Mtoto apakuliwe kwanza.