Maji ya rejeta yanapungua, chini hakuna hata tone

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, naendesha Mbagala na mjini. Kila baada ya siku tatu nne naongeza maji kwenye rejeta, kama chupa ya nusu lita hivi. Chini ya gari hakuna tone, moshi ni wa kawaida, oili haijachafuka, geji ya joto haipandi. Fundi wangu alitoa themostati (kile kivalvu kinachofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata joto) akasema kwa joto la Dar haina kazi. Sasa anasema maji "yanaliwa na injini", gasketi kati ya silinda hedi na bloku imeungua, tufungue hedi. Jirani yangu anasema nitie tu dawa ya kuziba. Nifuate lipi?

JIBU: Hilo la hedi lisimame kwanza. Watu wengi wamelipia hedi kufunguliwa, kukerezwa na kurudishwa, kisha wiki ya pili wakarudi kuongeza maji yaleyale nusu lita, kwa sababu tu mtu aliinama asubuhi, akaona sakafu kavu, akaamua maji yameliwa na injini.

Angalia juu ya mfuniko wa rejeta yako (injini ikiwa ya baridi, tafadhali). Pengine utakuta namba 0.9. Hiyo ni presha ambayo mfuniko unaishikilia kabla ya kuachia, na kwa presha hiyo maji hayachemki kwenye 100, yanasogea hadi karibu 118. Sasa fikiria tundu la ukubwa wa ncha ya sindano. Injini ikiwa ya baridi hakuna kinachoyasukuma maji, tundu limetulia. Ukifika katikati ya foleni, presha inapanda, tundu linarusha uzi mwembamba wa maji kwenye chuma cha moto, nao unageuka mvuke kabla haujafika chini. Ukifika nyumbani umeshakauka. Utaona nini chini ya gari asubuhi?

Kwa hiyo tafuta alama, usitafute tone. Maji yaliyokauka huacha ukoko mweupe kama chumvi, au mstari wa kutu ukiteremka. Pita kwenye maungio ya plastiki na alumini ya rejeta, maana plastiki ya 1998 imeshakakamaa. Pita kwenye kila hozi pale klipu inapobana, kisha kitundu kidogo chini ya wotapampu, ambacho kimewekwa makusudi ili sili ikichoka maji yatokee hapo. Zuria la abiria wa mbele likiwa na unyevu, usiseme haraka kwamba ni maji ya AC. Inaweza kuwa hita iliyo nyuma ya dashibodi.

Usipoona kitu, mwambie fundi alete pampu ya kupimia presha. Inafungwa mahali pa mfuniko, unapampu kwa mkono hadi 0.9, injini imezimwa na ni ya baridi, halafu mnakaa kimya. Nililetewa gari la aina ya lako ambalo hedi ilikuwa imeshafunguliwa mara moja bure. Mshale wa pampu ukaanza kushuka taratibu, na baada ya dakika chache nikasikia "tsss" nyuma ya injini. Tochi na kioo cha kunyolea ndevu vikanionyesha kizibo cha bloku, kibati cha ukubwa wa kifuniko cha soda, kimeliwa na kutu kutoka ndani, na mstari mwekundu chini yake kama machozi. Mwenye gari alikuwa anatia maji ya kisima miaka yote. Maji yetu ya pwani yana chumvi, hayo ndiyo yaliyokula chuma. Tumia kulanti (dawa maalumu ya maji ya rejeta) iliyochanganywa tayari, au changanya ile nzito na maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, siyo asidi.

Mshale ukishuka na msione wala kusikia yanakovujia, au usiposhuka kabisa na maji bado yanapungua, hapo ndipo tuzungumze gasketi, na hata hapo hatufungui. Kuna dawa ya bluu inayowekwa kwenye kichupa juu ya rejeta, injini ikiunguruma. Gesi ya kwenye silinda ikiwa inaingia kwenye maji, bluu inageuka njano. Toa na plagi zote nne pia. Moja ikiwa safi mno kuliko wenzake, silinda hiyo inaoshwa na maji.

Sasa themostati, jambo linalonikera kuliko yote katika barua hizi. "Nchi ya joto haihitaji themostati." Nani aliwafundisha? Joto la Dar ni 30 na kitu, injini inatakiwa ifanye kazi kwenye 80 hadi 90 na kidogo, iwe Mbagala au Ulaya. Ukiitoa, kompyuta ya gari inaendelea kudhani injini ni ya baridi na inazidi kumwaga petroli. Na kwenye injini nyingi za Toyota themostati ikifunguka huziba pia njia fupi ya maji, ili yote yapite kwenye rejeta. Ukiwa huna themostati, sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo bila kupoa. Kwenye foleni huenda usijue. Utajua siku unapandisha mlima wa Kitonga kule Iringa na abiria wanne na mizigo.

Zaidi ya hapo, kwako imeficha ushahidi. Injini inachelewa kupata joto, presha inachelewa, tundu linarusha kidogo, unadhani umepona. Wala usitulizwe na geji isiyopanda. Maji yakiisha kabisa, sensa inabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kukaa chini wakati hedi inapinda.

Dawa ya kuziba, mwambie jirani asante. Haichagui tundu. Inaziba pia mirija myembamba ya rejeta na hita, na nimewahi kukata rejeta ikatoka tope kama uji wa ulezi. Ute wa yai, ambao wengine humwaga kwenye rejeta, ni ndugu yake. Anayekuuzia vitu hivyo barabarani hatakuwepo gari likichemsha.

Mwombe fundi wako ile themostati kama hajaitupa. Ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni isiguse chini, uwashe moto. Nyingi za Toyota zimeandikwa 82. Ikianza kufunguka kabla maji hayajachemka, na ikajifunga yakipoa, irudishe na gasketi yake mpya. Isipofunguka, nunua nyingine. Pampu ya presha mfanye siku hiyohiyo.