Jazi na rithimu na bluzi: ndugu walioachana njia

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Ninapiga fidla katika kikundi cha taarab hapa Wete. Je, jazi ya kisasa na rithimu na bluzi zina asili moja? Mbona ya kwanza watu huisikiliza wamekaa, na ya pili huicheza?

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yetu. Asili ni moja, yaani bluzi na bendi za dansi za Wamarekani weusi, lakini njia ziliachana katika miaka ya 1940. Jijini New York, mpiga saksafoni Charlie Parker na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie waliiendeleza bibopu, mtindo wa mwanzo wa jazi ya kisasa, ambamo mpigaji huuacha upesi wimbo uliozoeleka na kubuni wake papo hapo, mara nyingi kwa kasi isiyochezeka. Hali hiyo unaijua: ni pale kanuni, ala ile ya nyuzi nyingi, inapopiga taksim, yaani kipande cha kubuni peke yake, fidla zikanyamaza na ukumbi mzima ukatega sikio. Mwimbaji na mpiga saksafoni Louis Jordan, kwa upande wake, alishikilia bendi ndogo, saksafoni na mdundo wa kuchezeka, na mwaka 1949 jarida la Billboard likaanza kuuorodhesha muziki wa namna hiyo kwa jina la rithimu na bluzi. Mimi huifananisha na kidumbak, ndugu mdogo wa taarab, ambapo fidla, sanduku (besi ya kasha na uzi) na vidumbak viwili, yaani ngoma ndogo, hutosha kuwainua watu vitini.

Hata hivyo, undugu haukukatika. Katika miaka ya 1950 mpiga ngoma Art Blakey na mpiga piano Horace Silver waliirudisha bluzi na ladha ya nyimbo za kanisani ndani ya jazi. Msikilize Blakey kwanza, hasa matoazi anayoyafunga kwa mguu katika pigo la pili na la nne.