Kabla ya kusambaza namba ya mlipuko wa ugonjwa, angalia tarehe yake

Kazi yangu ni kupanga safari za malori yanayotoka Dar kwenda Kigali, Bukavu na Goma. Dereva akipiga simu na kuuliza, "Bosi, huko kukoje?", siwezi kumjibu kwa picha iliyosambazwa mara kumi WhatsApp. Tangu Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, iliyotangazwa Agosti 2018, nafuatilia takwimu mwenyewe. Zipo wazi na ni bure. Kazi iko kwenye kuzisoma.

Jumla kuu usiihangaikie sana. Mlipuko ule ulipofungwa rasmi Juni 2020, hesabu ilikuwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Ni namba ya kutisha, lakini haikuwa na uwezo wa kunionyesha kama wiki hii hali ni nafuu kuliko wiki iliyopita, maana jumla hupanda au husimama tu. Mimi natafuta wagonjwa wapya wa wiki, tena kwa kila eneo. Wizara ya Afya ya Kongo ilikuwa ikitoa taarifa zinazotenganisha kanda za afya: Beni, Katwa, Butembo, Mabalako. Kwa dereva anayeishia Goma, habari iliyobadilisha mambo ilikuja Julai 2019, mgonjwa wa kwanza alipothibitishwa Goma baada ya kusafiri kwa basi kutoka Butembo. Kwenye jumla ya nchi nzima, huyo ni mtu mmoja tu, wala usingemwona.

Halafu uliza: hii tarehe ni ya nini? Kuna siku mgonjwa alipoanza homa, siku sampuli ilipofika maabara, na siku taarifa ilipotoka. Kati ya ya kwanza na ya mwisho zinaweza kupita wiki. Ndiyo maana kwenye grafu inayofuata siku ya kuanza kuumwa, wiki mbili za mwisho karibu kila mara zinaonekana kushuka. Watu hushangilia bure: sampuli bado ziko njiani. Kinyume chake pia hutokea. Februari 2020 mkoa wa Hubei, China, ulitangaza wagonjwa wapya karibu 15,000 kwa siku moja. Virusi havikuwa vimelipuka usiku ule. Walianza kuwahesabu pia waliotambuliwa na madaktari bila kipimo cha maabara kuthibitisha.

Hapo ndipo penye mtego wa mpox, ule ugonjwa wa virusi unaoleta vipele. Aina mpya iliyoanza kuonekana Kamituga, mji wa machimbo Kivu Kusini, ilisambaa mahali ambapo wengi waliohisiwa hawakupimwa kabisa. Ukichukua waliohisiwa wa Kongo ukawalinganisha na waliothibitishwa wa Kenya, umelinganisha vitu viwili tofauti. Na ukiona waliothibitishwa wamepanda ghafla, tafuta kwanza idadi ya sampuli zilizopimwa. Huenda maabara imefunguliwa karibu zaidi, jambo ambalo ni habari njema.

Kimya nacho kina maana yake. Sisi Watanzania tunalijua hili: mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu yetu ya korona ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka ramani za dunia zikaendelea kuonyesha hivyo hivyo, mstari umelala kama meza. Kwa hiyo kwenye jedwali langu sifuri na "hakuna taarifa" haviandikwi sawa. Seli isiyo na taarifa naiacha tupu na kuipaka kijivu.

Vyanzo vikigongana je? Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya kuhisiwa Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, huko Kagera, wilaya ya Biharamulo. Wizara yetu ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi hivyo. Tarehe 20 Rais Samia, akiwa Dodoma na Dkt. Tedros, mkuu wa shirika hilo, akathibitisha mgonjwa mmoja. Malori yetu yanayovukia Rusumo, mpakani na Rwanda, yanapita Nyakanazi, ndani ya wilaya hiyohiyo. Siku hizo za katikati niliandika kauli zote mbili, kila moja na tarehe yake, kisha nikafanya yasiyo na gharama: hakuna kupakia abiria, maji na sabuni ndani ya kila lori, mwenye homa apige simu kabla ya kuendelea. Safari sikufuta hata moja. Ndivyo ninavyoshauri hadi leo: kwa tahadhari rahisi usisubiri uthibitisho, kwa uamuzi wa gharama subiri.

Masharti hayo siyaondoi mapema. Ebola huhesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya kabla ya kutangaza mwisho, na Aprili 2020, siku mbili tu kabla ya hesabu kutimia, mgonjwa mwingine alithibitishwa Beni.

Pakua taarifa uzihifadhi, kwa sababu kurasa hufungwa. Ile dashibodi ya korona ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, iliyokuwa kila mahali, iliacha kukusanya takwimu Machi 2023. Na ukiwatumia wenzako namba, weka mahali, tarehe na kama ni wanaohisiwa au waliothibitishwa. Jina la mgonjwa, hata kama mtaa mzima unalijua, usiliweke.