Wanamwogopa mtu wa pipi, hawamshuku mjomba

Swali la wiki: "Je, watoto wa shule wanajua ukatili dhidi yao ni nini, na wanauchukuliaje?"

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nasimamia dawati la ulinzi na usalama wa mtoto. Wanajua nusu, na nusu wasiyoijua ndiyo inayowaumiza.

Waulize darasa la tano ukatili ni nini, mikono inapaa: kubakwa, kuchomwa moto na mama wa kambo, kupewa pipi na mtu usiyemjua. Sasa waulize: je, mjomba anayekulipia mchango wa chakula akikushika vibaya? Kimya. Kisha mmoja anajibu, "Huyo si mtu mbaya, mwalimu, tunamjua."

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika 10, na mvulana 1 katika 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Walionyamaza ni wengi, wavulana kuliko wasichana. Katika sanduku letu la maoni niliwahi kukuta karatasi iliyokunjwa ikawa ndogo kama punje ya hindi, haina jina: "Mvulana naye anaweza kufanyiwa?" Nililisoma swali hilo mbele ya darasa, wavulana wakacheka. Niliwajibu kwamba ndiyo, na kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kwa umri wake tu, awe wa kike au wa kiume. Kicheko kikakatika.

Linalonisumbua zaidi ni fimbo. Watoto wenyewe wanaitetea: "Nilikosea, ndiyo maana nikachapwa." Kanuni zinasema achape mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari. Wanafunzi wangu hawakuwahi kuisikia kanuni hiyo. Mtoto aliyeaminishwa kwamba maumivu yanayotoka kwa mkubwa ni haki yake, siku akiguswa vibaya atajiuliza kwanza amekosa nini. Kwa hiyo siafikiani na wenzangu wanaofundisha namba 116 ya Simu kwa Mtoto asubuhi, na saa nne wameshika fimbo.

Ombi langu kwa walimu wakuu: sanduku la maoni litoke mlangoni pa ofisi, mahali ambapo kila anayetumbukiza karatasi anaonekana, na ufunguo akae nao mwalimu aliyechaguliwa na wanafunzi wenyewe.