Maswali ya Wasomaji: Vepu ya Kutupa Yenye Nguvu ya Kurekebishwa

SWALI: Ndugu Mhariri, nina umri wa miaka 43 na nimevuta sigara tangu ujana wangu. Nimejaribu kuacha mara kadhaa kwa msaada wa vibandiko vya nikotini, lakini kila mara nimerudi. Sasa nimeonyeshwa vepu ya kutupa, yaani sigara ya kielektroniki isiyojazwa upya, yenye skrini ndogo na kitufe cha kupandisha au kushusha nguvu katika ngazi tatu. Sanduku lake limeandikwa nikotini asilimia 5, kimiminika mililita 16 na mivuto 20,000. Muuzaji ananiambia kwamba nguvu inayorekebishwa ndiyo inayokifanya kifaa hiki kiwe bora kuliko vile vya kawaida, na kwamba mvutaji wa muda mrefu kama mimi anapaswa kuanza na ngazi ya juu. Je, ni kweli? Na mtu asiye fundi anaweza kukipimaje kifaa cha namna hii kabla ya kukitegemea?
Mvutaji anayetaka kuacha

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri wa kuanza na ngazi ya juu usiufuate. Kitufe kile huuzwa kwa sifa ya kuongeza mvuke na ladha, lakini pamoja na hayo huongeza nikotini inayoingia mwilini kwa kila mvuto, na katika kifaa chenye kimiminika kikali kama hicho ongezeko lenyewe ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Tuanze na kinachotokea ndani. Betri hupeleka umeme kwenye waya mwembamba wa koili, ambao umegusana na utambi wa pamba uliolowa kimiminika. Waya ukipata moto, kimiminika hugeuka mvuke. Nguvu ya koili haipandi sambamba na volti, bali hupanda kwa mraba wake. Chukua koili yenye ukinzani wa omu 1: ikipewa volti 3 hutoa wati 9, na ikipewa volti 4 hutoa wati 16. Volti zimeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini nguvu imekaribia kuwa maradufu, na kimiminika kinachogeuka mvuke katika sekunde zile zile nacho kinaongezeka sana. Vifaa vingine havipandishi volti, ila huwasha koili ya pili, matokeo hayatofautiani. Muda wote huo ile asilimia 5 iliyoandikwa kwenye sanduku haibadiliki, na ndiyo maana mtumiaji huamini kwamba anachovuta ni kiasi kile kile.

Zamani nguvu kubwa na nikotini kali zilikuwa zimetengana. Waliopenda mvuke mwingi walitumia mashine za wati 40 na zaidi wakiwa na kimiminika chepesi, mara nyingi miligramu 3 au 6 za nikotini kwa kila mililita. Waliotaka nikotini kali walitumia vifaa vidogo vya wati chache. Kisha ikaja nikotini ya chumvi, yaani nikotini iliyochanganywa na asidi kama ile ya benzoiki, ambayo haikwaruzi koo hata ikiwa kali, na ambayo ilienea sana baada ya kifaa cha Juul kuingia sokoni nchini Marekani mwaka 2015. Koo lililokuwa likimzuia mtu asivute kupita kiasi likanyamazishwa. Kifaa ulichoonyeshwa kimechukua ukali wa kundi la pili na kuuunganisha na nguvu inayoelekea kundi la kwanza, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko skrini, betri au ladha zake.

Upate picha ya kiasi chenyewe: chini ya agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 kuhusu bidhaa za tumbaku, kimiminika hakiruhusiwi kuzidi miligramu 20 za nikotini kwa mililita, wala vepu ya kutupa kubeba zaidi ya mililita 2. Hiyo ni miligramu 40 kwa kifaa kizima. Asilimia 5 ni takriban miligramu 50 kwa mililita. Ukizidisha kwa mililita 16, umeshika mkononi miligramu 800, yaani mara ishirini ya kiwango hicho. Sisemi kwamba utazivuta kwa siku moja, lakini kitu chenye nikotini nyingi namna hiyo hakipaswi kuachwa mahali ambapo mtoto anaweza kukifikia hata kwa dakika moja.

Sasa nije kwenye kupima. Njia ninayoiamini kuliko maneno ya muuzaji ni mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, ya aina inayotumiwa kupimia vito. Pima kifaa, kitumie kwa ngazi ya chini mpaka ufikishe mivuto 20 kwa mwendo wako wa kawaida, bila kuiharakisha, kisha kipime tena. Tuseme uzito umepungua kwa gramu 0.10. Kila mvuto umechukua miligramu 5 za kimiminika, na asilimia 5 ya hizo ni nikotini miligramu 0.25. Ukirudia siku nyingine kwa ngazi inayofuata na upungufu ukawa gramu 0.20, basi kila mvuto sasa unabeba miligramu 0.5, na mivuto kumi inabeba miligramu 5. Sehemu fulani hutoka tena pamoja na pumzi, lakini kumbuka kwamba sigara moja ya kawaida humwingizia mvutaji kiasi cha miligramu 1 hadi 1.5 tu. Kwa hesabu hii fupi utajua kitufe kimekufanyia nini, jambo ambalo skrini haitakuambia, kwa kuwa skrini nyingi huonyesha namba ya ngazi bila hata kutaja ni wati ngapi, na ngazi ya pili ya kifaa kimoja haina uhusiano wowote na ngazi ya pili ya kingine.

Mizani hiyo hiyo inatosha kuijibu ile mivuto 20,000. Mililita 16 za kimiminika zina uzito wa gramu 18 hivi. Ukivuta miligramu 5 kila mara, zinatosha mivuto 3,600. Ukivuta miligramu 10, nusu yake. Ili zifike 20,000, kila mvuto ungepaswa kuchukua chini ya miligramu 1, mvuto mfupi ambao mvutaji wa sigara hataridhika nao. Mashine za maabara zinazofuata kipimo cha kimataifa cha ISO 20768 huvuta mililita 55 kwa sekunde 3, mara moja kila sekunde 30. Sanduku lisilosema mvuto wake ulikuwa wa sekunde ngapi halijakueleza chochote.

Mengine ya kutazama hayahitaji maelezo marefu. Pawepo jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, orodha ya viambato na kiasi cha nikotini kwa miligramu. Namba ya siri ya kukwangua, inayowekwa kuonyesha kwamba bidhaa si bandia, haithibitishi kilichomo ndani. Kifaa kizuri hujizima chenyewe ukivuta kwa muda mrefu mno, hakijiwashi kikiwa mfukoni, hakivuji, na hakipati joto la kutisha kikiwa kwenye chaja. Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo macho hayawezi kuliona: mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vepu kadhaa za kutupa zinazouzwa Marekani, na katika baadhi yake walikuta madini ya risasi yaliyotoka kwenye vipande vya aloi ya shaba na kuingia katika kimiminika, pamoja na nikeli na kromiamu kutoka kwenye koili. Kifaa kinachobeba mililita nyingi hukaa na kimiminika chake kwa muda mrefu, na koili yake hiyo hiyo huchomwa maelfu ya mara bila kubadilishwa.

Kuhusu kuacha sigara kwenyewe, ushahidi upo, na ni wa kweli, lakini hautokani na vifaa vya aina hii. Katika jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, watu 886 waliotaka kuacha waligawanywa katika makundi mawili, na wote wakapewa ushauri wa kila wiki. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18.0 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliotumia vibandiko, chingamu za nikotini na mfano wa hayo. Vepu zao zilikuwa za kujaza upya, na kimiminika cha kuanzia kilikuwa na miligramu 18 kwa mililita. Ni lazima pia niseme kwamba miongoni mwa walioacha kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaivuta mwaka ulipokwisha, na kwamba Shirika la Afya Duniani, katika tamko lake la Desemba 2023, lilisema sigara za kielektroniki zinazouzwa kama bidhaa za kawaida hazijathibitika kuwasaidia watu kuacha tumbaku katika ngazi ya jamii nzima.

Kwa hiyo ningekushauri utafute kifaa cha kujaza upya chenye nguvu ndogo na kimiminika kisichozidi miligramu 20 kwa mililita, na umwone mhudumu wa afya kuhusu kutumia kibandiko pamoja na chingamu ya nikotini, kwani kibandiko peke yake mara nyingi hakitoshi kwa mvutaji wa miaka mingi. Ikiwa hicho cha kutupa ndicho pekee unachoweza kukipata, kiweke katika ngazi ya chini kabisa na ukiache hapo. Hamu ikikushika, ongeza mvuto mmoja, subiri dakika chache, kisha ongeza mwingine ukihitaji. Kwa namna hiyo mwili wenyewe unakuambia pa kukomea, kama ulivyozoea na sigara, ilhali ukipandisha nguvu kipimo kinakuzidi kabla hujahisi. Kizunguzungu, kichefuchefu, mate kujaa mdomoni au moyo kwenda mbio ni dalili za nikotini iliyozidi: weka kifaa chini. Ikiwa una maradhi ya moyo, usianze kabla ya kuzungumza na daktari. Na baada ya wiki chache hesabu sigara unazowasha kwa siku. Kama vepu imeongezwa juu ya sigara badala ya kuchukua nafasi yake, kifaa hicho hakikufai, hata kiwe na ngazi ngapi.

SWALI: Ndugu Mhariri, niliacha sigara na sasa natumia vepu ya kutupa yenye ngazi za nguvu. Nikiweka ngazi ya juu napata ladha ya kuungua inayokwaruza koo, ingawa skrini inaonyesha kwamba kimiminika kimebaki zaidi ya robo. Je, nivumilie hadi kiishe, au nikifungue niongeze kimiminika?
Msomaji aliyeacha sigara

JIBU: Usivumilie, na usikifungue. Skrini hizo kwa kawaida hazipimi kimiminika; hukadiria tu kwa kuhesabu muda ambao koili imewaka, kwa hiyo robo unayoiona inaweza kuwa haipo. Hata kama ipo, utambi hupandisha kimiminika kwa kasi yake, kama utambi wa taa ya mafuta, na ngazi ya juu hukikausha haraka kuliko utambi unavyoweza kukivuta tena. Maadamu utambi umelowa, kule kuchemka kwenyewe huzuia joto lisipande ovyo. Ukikauka, pamba na mabaki ya kimiminika huanza kuungua, na hapo ndipo huzaliwa kemikali zenye madhara kama fomaldehidi na akrolini. Vionjo vitamu huharakisha jambo hili, kwa sababu sukari bandia huganda juu ya koili na kuifanya nyeusi.

Barua ya kitafiti iliyochapishwa mwaka 2015 katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine ilieleza kwamba kifaa kilichowekwa kwenye volti 5.0 kilitoa viambata vya fomaldehidi, ilhali kwenye volti 3.3 havikuonekana. Watafiti wengine walijibu kwamba hakuna binadamu ambaye angeendelea kuvuta katika hali ile, kwa kuwa ladha ya kuungua ingemfukuza. Naona hoja zote mbili zinakuhusu wewe moja kwa moja: ulimi wako umekupa onyo ambalo mashine ya maabara haina. Shusha ngazi, pumzisha kifaa dakika kadhaa, ujaribu mvuto mfupi. Ladha ile ikirudi hata katika ngazi ya chini, kifaa kimekwisha. Kipeleke panapopokelewa betri kuukuu, kwani betri ya lithiamu ikipondwa ndani ya taka inaweza kuwaka. Uingereza ilipopiga marufuku vepu za kutupa tarehe 1 Juni 2025, kifaa chenye tundu la chaja lakini kisichojazwa upya kiliendelea kuhesabiwa kuwa cha kutupa. Skrini na kitufe cha nguvu havikukiokoa.

SWALI: Mimi sijawahi kuvuta sigara, ila rafiki zangu wanatumia vepu za aina hii na ladha zake zinanivutia. Nikitumia ngazi ya chini tu, kuna ubaya gani?
Msomaji kijana

JIBU: Ngazi ya chini ya kimiminika cha asilimia 5 bado inakupa nikotini ya kutosha kukufanya mraibu, na wewe huna sigara ya kuiacha, kwa hiyo huna chochote cha kupata badala ya hasara hiyo. Ubongo huendelea kukomaa hadi karibu na miaka 25, na uraibu unaoanza kabla ya hapo ni mgumu zaidi kuuvunja. Usianze.