Bia Nne za Kila Jioni Zilivyojaza Mafuta Kwenye Damu Yangu

Juzi nimetoka maabara hapa Tanga na karatasi mkononi, nikasimama chini ya mwarobaini nikaisoma mara tatu. Lehemu jumla, yaani kolesteroli, yale mafuta ya damu ambayo yakizidi huziba mishipa: 5.5. Miezi minane nyuma ilikuwa 7.2. Daktari anataka ishuke chini ya 5.2, kwa hiyo kazi bado ipo, lakini nilirudi Makorora kifua mbele.

Nilikuwa na kilo 96. Kila jioni bia nne, Ijumaa sita, nyama choma pembeni. Asubuhi mbaazi za nazi na mahamri manne. Sikuwa naumwa popote, maana lehemu haiumi. Nilikwenda kupima kwa sababu kaka yangu alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 52.

Kilichonishtua zaidi ni mstari wa trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu: 4.1, wakati inatakiwa chini ya 1.7. Nikalalamika, "Dokta, mimi mafuta sili sana." Akaniuliza, "Na bia?" Kumbe ini likipokea pombe hutengeneza mafuta na kuyamwaga kwenye damu. Sukari na wanga uliozidi navyo hugeuzwa hivyo hivyo, na kitambi kinazidisha.

Kwenye nazi nilibishana naye. Nazi ni mmea, haina lehemu! Kweli haina, ila mafuta yake ni ya aina ile inayoganda kwenye baridi, na hayo ndiyo hupandisha lehemu mbaya. Mke wangu alikuwa akikuna nazi mbili kwa sufuria moja ya mbaazi, kasimele yote ndani. Siku hizi nazi ni nusu, anatia tui la pili tu, jepesi kama maji ya mchele. Wiki ya kwanza nilikula kwa hasira. Sasa nimezoea. Samaki tunachemsha, vibua hasa, na kazini naenda kwa baiskeli.

Bia niliacha kabisa. Wenzangu niliokaa nao meza moja miaka 11, hakuna hata mmoja aliyenipigia simu. Nilipofika kilo 87, mmoja wao akasambaza kwamba nimekwisha, naumwa "ugonjwa ule". Mtu niliyemlipia bili mara ngapi! Linaniuma mpaka leo.

Ndugu yangu, usisubiri maumivu. Pombe iache. Kama kuacha kumekushinda, punguza, lakini usijidanganye kwamba bia ni maji. Kitambi si heshima, ni mzigo. Kapime. Na ukiandikiwa dawa, meza, kwa sababu wapo waliorithi lehemu nyingi hata wakiwa wembamba kama ufito. Nasema tena, kapime.

Kaka bado anajifunza kushika kikombe kwa mkono wa kulia. Jumamosi nampeleka mke wangu naye akatolewe damu. Hataki, anasema yeye hana kitambi. Atakwenda.