Simulesheni yangu haipotezi paketi hata moja, nakosea wapi?

Swali: Shikamoo kaka. Niko Tanga, projekti yangu ya mwaka wa mwisho ni mtandao wa sensa chini ya maji kati ya Raskazone na kisiwa cha Toten. Natumia ns-3 (programu ya kuiga mitandao) na modeli ya Thorp ya sauti majini, masafa 25 kHz, nodi zimepishana mita 500, kina nimeweka mita 10. Paketi zinafika zote, msimamizi anasema haiwezekani.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Msimamizi yuko sahihi, na programu uliyoandika wala haina kosa. Thorp inakuambia sauti inapungua kiasi gani njiani, basi. Piga hesabu mwenyewe: kwa 25 kHz maji yanameza kama 6 dB kwa kilomita, kwahiyo mita 500 zako ni 3 dB tu, kutawanyika kwa sauti ndo kunakula kama 40 dB, na modemu ya kawaida inabeba hiyo bila jasho.

Kinachokuua hapo ni mwangwi. Maji ya mita 10 sauti inadunda juu, inadunda chini, juu tena, na nodi zikiwa katikati ya kina, ile iliyodunda mara 5 inatembea mita 2.5 zaidi ya iliyonyooka, inachelewa milisekunde 1.6 hivi, sasa we ukituma simboli (vipande vya data) 1000 kwa sekunde ujue inakuja kuangukia simboli ya nyuma yake. Maji yakijaa kina kikafika mita 13, mwangwi uleule unachelewa milisekunde 2.7. Yaani siku za bamvua chaneli ya saa nne asubuhi maji yamekupwa sio ile ya saa kumi jioni, na Thorp ya ns-3 inakupa njia moja tu, haina mwangwi kabisa.

Chukua Bellhop, programu inayofuata njia za sauti majini, iendeshe kwa vina vitatu vinne, kupwa mpaka kujaa, zile sauti zinazofika na muda wake ziingize kwenye PDP yako, ile orodha ya nguvu na ucheleweshaji wa kila njia ya sauti.

Kelele nayo umeiacha ilivyokuja, si ndio? Upepo mita 1 kwa sekunde, vyombo 0. Kusi hiyo ya wapi?? Na boti za wavuvi za Deep Sea zote zimelala! Halafu kuna wale kamba wadogo wa matumbawe wanaofyatua gando, ukizamisha haidrofoni (maikrofoni ya majini) karibu na mwamba unasikia kama mihogo inakaangwa, hao hawamo kabisa kwenye modeli, itabidi uwaongeze kwa mkono.

Kasi ya sauti ns-3 inaweka mita 1500 kwa sekunde, maji yetu ya nyuzi 28 yanakaribia 1540. Hiyo iache kwanza.